Ngozi nyeti na seramu ya vitamini C: maswali ya wasomaji

Barua nyingi zilizofika kwenye safu hii zimeuliza jambo moja kwa namna mbalimbali: je, mtu ambaye uso wake hukasirishwa na karibu kila kitu anaweza kupaka seramu ya vitamini C, na kama anaweza, achague ipi? Nimeanza na barua ndefu kuliko zote kwa sababu jibu lake linabeba sehemu kubwa ya majibu mengine. Zilizobaki nimezijibu kwa urefu ambao kila moja ilihitaji.

Shikamoo mshauri. Nina umri wa miaka 34, na ngozi yangu ya uso imekuwa nyeti tangu utotoni: sabuni nyingi huichoma, na nikibadilisha mafuta huamka na vipele. Chunusi zilipopona ziliniachia alama nyeusi mashavuni, na rafiki yangu akanishauri nitumie seramu ya vitamini C kwa kuwa kwake ilifanya kazi vizuri. Nikanunua ileile anayotumia yeye, ya asilimia 20. Siku ya kwanza ilichonyota, nikaambiwa ni kawaida, nikaendelea. Baada ya wiki mbili mashavu yamekauka na yanabanduka, na pembeni mwa pua pamekuwa peusi kuliko zamani. Je, vitamini C hainifai kabisa, au nilichagua vibaya? Kama nilichagua vibaya, safari hii nichague vipi?
*Msomaji mwenye ngozi nyeti*

Marahaba, dada. Iweke pembeni seramu hiyo kuanzia leo, wala usijaribu kuipunguza makali kwa maji, kwa sababu ngozi inayobanduka na kuchonyota imeshapoteza sehemu ya tabaka lake la juu, lile linaloshika unyevu na kuzuia vitu vya nje visipenye. Kwa wiki mbili hadi nne osha uso kwa sabuni laini isiyo na manukato, paka krimu nzito kidogo yenye seramaidi au gliserini, na mchana uongeze krimu ya kukinga jua. Usiongeze kitu kingine. Siku utakayoweza kuosha uso kwa maji matupu bila kuhisi chochote, na krimu yako ya kila siku ikakaa bila kukuwasha, ndipo ufikirie seramu nyingine.

Sidhani kama vitamini C yenyewe ndiyo iliyokukosea. Vitamini C halisi, ambayo kwenye lebo hutajwa kwa jina la asidi askobiki, ni asidi kweli, na haiingii ndani ya ngozi kwa kiasi cha maana mpaka mchanganyiko wake uwe na pH (kipimo cha ukali wa asidi, ambacho namba ikishuka ukali huongezeka) iliyo chini ya 3.5. Ngozi ya uso huwa na pH inayokaribia 5. Kwa kuwa kila hatua moja ya kipimo hicho ni tofauti ya mara kumi, seramu yenye pH 3 ina asidi mara mia moja zaidi ya ngozi inayopakwa. Rafiki yako, ambaye tabaka lake la juu ni imara, huhisi mchonyoto kidogo unaokwisha baada ya dakika moja au mbili. Kwako wewe asidi hiyo hupenya haraka hadi kwenye ncha za mishipa ya fahamu, na kila siku unayorudia unaongeza jeraha juu ya jeraha.

Huenda unajiuliza asilimia 20 ilitoka wapi. Mwaka 2001 Sheldon Pinnell wa Chuo Kikuu cha Duke, Marekani, pamoja na wenzake, walichapisha majaribio waliyoyafanya kwenye ngozi ya nguruwe, na humo ndimo zilimopatikana namba ambazo watengenezaji wanazitegemea hadi leo. Waliona kwamba kiasi cha asidi askobiki kinachoingia huongezeka kadiri unavyoongeza nguvu ya mchanganyiko hadi kufika asilimia 20, na kwamba ukipita hapo huongezi kitu. Waliona vilevile kwamba ngozi ikishajaa, nusu ya vitamini hiyo bado imo ndani yake baada ya siku 4 hivi. Namba ya kwanza imegeuka tangazo la biashara. Ya pili ni nadra kuisikia, ingawa kwa mtu kama wewe ndiyo yenye manufaa makubwa zaidi, kwa maana inaonyesha kwamba huna haja ya kupaka kila siku, sembuse mara mbili kwa siku, ili ngozi yako ibaki na vitamini.

Nguvu ndogo pia ina ushahidi wake. Watafiti wa Ufaransa walichapisha mwaka 2003 matokeo ya kuwapaka wanawake krimu yenye vitamini C ya asilimia 5 kwa muda wa miezi 6 na kuilinganisha na krimu isiyo na vitamini hiyo, na ngozi iliyochakazwa na jua iliboreka upande uliopata vitamini. Asilimia 5 tu, lakini miezi 6 mfululizo. Seramu ya asilimia 20 inayokulazimisha kuiacha baada ya wiki mbili imekupa wiki mbili za vitamini na mwezi mzima wa kuuguza uso.

Kuna jambo zito zaidi, nalo ndilo linaloeleza ule weusi wa pembeni mwa pua. Ngozi yenye rangi, iwe nyeusi au ya maji ya kunde, hujibu karibu kila mwasho kwa kutengeneza zaidi melanini, yaani ile rangi ya asili ya ngozi. Chunusi zako ziliacha alama kwa njia hiyohiyo, na seramu iliyokuchoma imefanya kazi ya chunusi. Vitamini C hufifisha madoa kwa kupunguza nguvu ya kimeng'enya kinachoitwa tairosinesi, ambacho ngozi hukitumia kuunda melanini, lakini kazi hiyo huenda polepole sana na haiwezi kushindana na uvimbe unaoamshwa kila asubuhi. Kwa hiyo mwenye ngozi nyeti inayofanya madoa asiuchukulie upole wa seramu kuwa ni suala la starehe, kwa kuwa ndio unaoamua kama madoa yatapungua au yataongezeka. Ukumbuke pia kwamba katika ngozi nyeusi mwasho hauonekani kila mara kama wekundu. Mara nyingi huonekana kama zambarau, kijivu au weusi uliokolea, na watu huusoma vibaya wakadhani ni uchafu unaotoka.

Sasa tuje kwenye uchaguzi. Nakushauri usirudi kwa asidi askobiki kwanza, bali uanze na jamaa zake, yaani kemikali ambazo zina vitamini C iliyofungwa pamoja na kitu kingine ili itulie, na ambazo vimeng'enya vya ngozi huzifungua baadaye. Majina yake ninayaandika kwa matamshi yetu, nawe utayakuta kwenye lebo kwa tahajia ya kigeni inayosomeka karibu vivyo hivyo. Sodiamu askobili fosfeti hukaa kwenye pH ya 6 hadi 7, haichonyoti kwa watu wengi, na kwa nguvu ya asilimia 5 imejaribiwa kwa wenye chunusi na kuonekana kusaidia. Kwa historia yako, hii ndiyo ningeitafuta kwanza. Magnesiamu askobili fosfeti nayo ni pole, na huifaa zaidi ngozi kavu. Askobili glukosaidi ni pole pia, tena haiharibiki haraka. Iko vilevile tetraheksidesili askobeti, ambayo huyeyuka kwenye mafuta na si kwenye maji, kwa hiyo seramu zake huwa nzito na za kulainisha. Ngozi kavu nyeti huipenda, na mwenye chunusi aangalie mafuta iliyochanganywa nayo. Ethili askobiki ni ya kati: haina ukali wa asidi askobiki, lakini imewahi kuripotiwa kuleta mzio kwa watu wachache, kwa hiyo isiwe chaguo la kwanza la mtu ambaye ngozi yake hugomba ovyo.

Haki inanidai niseme kwamba upole huu una gharama. Katika majaribio yale ya Duke, magnesiamu askobili fosfeti haikuongeza vitamini C ndani ya ngozi ya nguruwe. Kwa upande mwingine, utafiti wa Japani wa mwaka 1996 uliotumia krimu yenye asilimia 10 ya kemikali hiyohiyo ulipata nafuu kwa wagonjwa 19 kati ya 34 waliokuwa na madoa. Ushahidi wa jamaa hawa ni mwembamba kuliko ule wa asidi askobiki, nami sitakuahidi kwamba utaona matokeo ya haraka. Ninachokiona ni kwamba seramu isiyo na makali unayoweza kuipaka mwaka mzima ina nafasi kubwa ya kukusaidia kuliko ile kali unayoikimbia.

Ukishalipata jina la vitamini, usikome hapo. Soma pia vinavyoizunguka, kwa maana mara nyingi kinachochoma ni mchanganyiko na wala si vitamini. Alkoholi ikitajwa miongoni mwa vitu vitano au sita vya mwanzo, irudishe chupa kwenye rafu. Propilini glaikoli, ambayo husaidia vitu kupenya, huwawasha baadhi ya watu, na mwaka 2018 chama cha Marekani cha wataalamu wa mzio wa ngozi kiliitaja kuwa kisababishi cha mzio cha mwaka. Manukato ni adui mwingine, na hapa seramu za vitamini C zina mtego wake: kwa kuwa watu huihusisha vitamini hii na machungwa, watengenezaji hupenda kutia mafuta ya maganda ya machungwa, ndimu au balungi ili chupa inukie vizuri. Mafuta hayo hayana vitamini C ya kukufaa, na yana limonini, ambayo ikikutana na hewa hugeuka kuwa kiamsha mzio. Bidhaa iliyoandikwa kwamba haina harufu pia inaweza kuwa imetiwa manukato ya kufunika harufu ya kemikali zake. Maneno unayoyatafuta ni kwamba haikuongezwa manukato, kisha uyahakikishe kwa kusoma orodha yenyewe.

Kuhusu maandishi makubwa ya mbele ya boksi yanayodai kwamba bidhaa haisababishi mzio, uyasome kama unavyosoma tangazo lolote. Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani imesema wazi kwamba hakuna kiwango cha serikali ya nchi hiyo kinachoeleza maana ya dai hilo kwenye vipodozi, kwa hiyo kila kampuni hulitumia inavyoona yenyewe.

Ukishainunua, usiipeleke usoni moja kwa moja. Paka kiasi kidogo upande wa ndani wa kiwiko, mahali pasipozidi upana wa sarafu, mara mbili kwa siku kwa siku 7 hadi 10, usibadilishe sehemu. Wengi hujaribu usiku mmoja, wakaona salama, na mzio ukajitokeza siku kadhaa baadaye. Kama kiwiko kimetulia, hamia kwenye eneo dogo chini ya taya, karibu na sikio, kwa siku chache zaidi, kwa kuwa ngozi ya uso ni nyepesi kuliko ya mkono. Ndipo uanze uso mzima, asubuhi, mara mbili kwa wiki, ukipaka kwenye ngozi iliyokauka kabisa baada ya kuoshwa. Vitone viwili au vitatu vinatosha uso wote. Ukiona seramu inateleza na kukataa kunywea, umezidisha. Ukiogopa, tanguliza krimu yako laini, kisha upake seramu juu yake: nguvu itapungua kidogo, na kwa mwezi wa kwanza hilo halina ubaya. Baada ya wiki nne ongeza hadi upake siku moja na kuruka siku moja, na unaweza kubaki hapo siku zote.

Usiyapime matokeo kabla ya wiki 12. Piga picha moja leo karibu na dirisha, bila taa, na nyingine mahali palepale saa ileile baada ya miezi mitatu, kwa sababu kioo cha kila siku hakikuonyeshi mabadiliko ya pole. Na krimu ya kukinga jua, yenye kipimo cha kinga (SPF kwenye lebo) kisichopungua 30, usiiache hata siku moja. Vitamini C husaidia kuzima madhara ya mionzi lakini yenyewe haiizuii. Kwa madoa ya ngozi nyeusi, krimu yenye rangi ya ngozi ni bora zaidi, maana oksidi za chuma zinazoipa rangi huzuia pia mwanga wa kawaida unaoonekana, ambao nao hukoleza madoa.

Seramu yangu ilikuwa nyeupe kama maji nilipoinunua, sasa ina rangi ya manjano. Ngozi yangu ni nyeti na imeanza kuwasha kidogo siku hizi. Je, imeharibika, au rangi haina maana?
*Msomaji mwenye shaka*

Rangi ina maana kubwa, ndugu, ikiwa seramu yako ni ya asidi askobiki. Chukua sahani nyeupe, uiweke karibu na dirisha mchana, udondoshe kitone kimoja katikati na kukitazama kwa juu. Kisicho na rangi au chenye umanjano hafifu bado kinafaa. Kikiwa cha manjano iliyokolea, nguvu yake imeshapungua. Kikiwa na rangi ya chai ya mkandaa, mwaga chupa nzima. Hewa, mwanga na joto huivunja asidi askobiki hatua kwa hatua, na mojawapo ya mabaki yake ni eritrulosi, sukari ileile inayotumika kwenye losheni za kuibadilisha ngozi rangi bila jua. Ndiyo maana seramu iliyochakaa huacha rangi ya machungwa kwenye vidole, kwenye nyusi na kwenye foronya. Mwenye ngozi nyeti asivumilie seramu iliyogeuka rangi kwa kuwa tu ilikuwa ghali, maana atabaki na asidi yake bila faida yake. Kwa kuwa yako imeshaanza kukuwasha, sioni sababu ya kusubiri ifike kwenye hatua ya mwisho.

Kuna tahadhari moja. Seramu nyingine huwa na umanjano tangu siku ya kwanza kwa sababu ya asidi feruliki au dondoo za mimea zilizomo, kwa hiyo linganisha na rangi ya siku ulipoifungua. Ukinunua nyingine, pendelea chupa ndogo isiyopitisha mwanga, yenye pampu, kuliko ile ya kudondoshea ambayo hufunguliwa wazi kila asubuhi. Ihifadhi kabatini au kwenye jokofu, mbali na mvuke wa bafuni. Alama ya kopo lililofunguliwa yenye namba ndani yake, kwa mfano 6M, inaonyesha miezi ambayo bidhaa hudumu baada ya kufunguliwa, ingawa seramu ya maji yenye asidi askobiki mimi ningeimaliza ndani ya miezi mitatu. Jamaa wa vitamini C niliowataja katika jibu la kwanza hustahimili zaidi.

Natumia retinoli usiku, na nina seramu nyingine ya niasinamaidi. Nimeambiwa niasinamaidi na vitamini C huuana. Pia daktari aliwahi kunipa dawa ya chunusi yenye benzoili peroksidi. Nivipange vipi?
*Msomaji wa siku nyingi*

Niasinamaidi, ambayo ni aina ya vitamini B3, na vitamini C haviuani. Bidhaa kadhaa huvichanganya katika chupa moja, na niasinamaidi hata husaidia kuimarisha tabaka la juu la ngozi, jambo ambalo mwenye ngozi nyeti analihitaji. Retinoli, ambayo ni aina ya vitamini A, ibaki usiku na vitamini C asubuhi, lakini kamwe usivianze vyote viwili mwezi mmoja, kwa sababu uso ukiwaka hutajua umlaumu nani. Ya kuiangalia kweli ni benzoili peroksidi, ambayo huichoma vitamini C kikemia kabla haijafanya kazi; zitenganishe, moja asubuhi na nyingine usiku, au kwa siku tofauti. Na asubuhi ya kupaka vitamini C isiwe asubuhi ya kusugua uso kwa asidi za kuondoa seli zilizokufa.

Kwa jinsi ulivyoniandikia una vitu vinne vinavyofanya kazi kwenye uso mmoja. Ningekuwa wewe, ningepunguza kabla ya kuongeza.

Mshauri, mimi ni mwanamume, nanyoa ndevu karibu kila siku na hupata vipele shingoni vinavyoacha alama nyeusi. Nilipaka seramu ya vitamini C ya mke wangu baada ya kunyoa, nikadhani nimepakwa pilipili. Je, kuna namna ya kuitumia?
*Mzee wa wembe*

Ipo, mzee wangu, lakini si dakika hiyo. Wembe huondoa nywele pamoja na sehemu ya tabaka la juu la ngozi, na huacha mikwaruzo midogo usiyoiona. Asidi ikipita hapo lazima iume. Paka krimu laini tu baada ya kunyoa, na seramu uipake usiku au siku usiyonyoa. Chagua yenye sodiamu askobili fosfeti, na hiyo ya mke wako mrudishie.

Hata hivyo seramu haitamaliza tatizo lako kama vipele vyenyewe vinaendelea kuzaliwa. Vipele hivyo hutokana na nywele zilizojikunja kurudi ndani ya ngozi, na kila kimoja huacha alama yake. Acha ndevu zirefuke kidogo ikiwezekana, tumia mashine inayobakiza urefu mdogo badala ya wembe unaokwangua hadi chini, nyoa kwa kufuata uelekeo wa nywele, na usivute ngozi unaponyoa. Vipele vikipungua, ndipo seramu itakapopata nafasi ya kufifisha alama zilizobaki.

Kwa nini ninunue seramu ilhali ndimu ina vitamini C? Na je, siwezi kununua unga wa vitamini C nikauchanganya na maji mwenyewe?
*Mpenda vya asili*

Maji ya ndimu yana pH ya 2 hivi, ukali unaotokana hasa na asidi sitriki, na vitamini C iliyomo ni kidogo mno. Ndimu pia ina kemikali zinazoitwa furokumarini, ambazo zikiwa kwenye ngozi iliyopigwa na jua huweza kuleta malengelenge na michirizi myeusi inayodumu kwa wiki au miezi. Kwa ngozi nyeti hilo ni kosa baya kuliko seramu yoyote kali. Unga nao huwezi kuupima ukali wake kwa macho, hauna kihifadhi cha kuzuia vijidudu, na mchanganyiko wake na maji huanza kuharibika mara moja. Ndimu ibaki jikoni.

Nina mimba ya miezi mitano na madoa yametanda mashavuni. Ngozi imekuwa nyeti kuliko kawaida. Vitamini C ni salama?
*Mama mtarajiwa*

Vitamini C ya kupaka ni miongoni mwa vitu ambavyo wajawazito huruhusiwa kutumia, tofauti na retinoli na jamaa zake, ambazo huzuiwa. Anza na seramu pole kwa utaratibu uleule wa kujaribu kwenye kiwiko, na umwonyeshe chupa anayekuhudumia kliniki. Madoa ya mimba husukumwa na homoni na mwanga, kwa hiyo kwa sasa krimu ya kukinga jua yenye rangi itakusaidia zaidi ya seramu yoyote, na kwa wanawake wengi madoa hufifia yenyewe baada ya kujifungua.

Kwa miaka miwili nilitumia krimu ya kung'arisha uso iliyonipa ngozi laini sana. Nilipoiacha, uso ukaanza kuwaka moto, mishipa midogo ikaonekana na vipele vikajaa. Kila ninachopaka kinachonyota. Nataka nianze vitamini C ili ngozi irudi. Nianze na asilimia ngapi?
*Msomaji aliyekata tamaa*

Kwa sasa, sifuri. Dalili ulizozieleza zinafanana sana na zile za ngozi iliyozoeshwa steroidi, dawa ya kutuliza uvimbe ambayo huchanganywa kwenye baadhi ya krimu za kung'arisha, wakati mwingine bila kutajwa kwenye lebo. Steroidi huifanya ngozi kuwa nyembamba, na ikikatishwa ghafla uso hulipuka jinsi ulivyoeleza. Baadhi ya krimu hizo huwa pia na zebaki au haidrokwinoni, kemikali ya kufifisha rangi ya ngozi, na zebaki huingia mwilini na kudhuru figo. Ngozi iliyo katika hali hiyo haiwezi kuitwa nyeti kwa maana ya barua zilizotangulia; ni ngozi inayougua, na inahitaji daktari wa ngozi.

Usiirudie krimu ile ili kutuliza moto, ingawa utaona nafuu kwa siku chache, kwa sababu utakuwa unaanza mzunguko upya. Daktari ndiye atakayeamua kama unahitaji kuachishwa polepole kwa dawa nyingine. Mpaka utakapomwona, osha uso kwa maji ya uvuguvugu hafifu, paka krimu isiyo na manukato, na ujikinge na jua kwa kofia ikiwa krimu za jua nazo zinachonyota. Kupona kunaweza kuchukua miezi mingi. Uso ukishatulia, na daktari akikubali, suala la vitamini C litafunguliwa kwa seramu pole kuliko zote na kwa siku chache kwa wiki. Unapokwenda hospitali, lichukue kopo la krimu ile hata kama limebaki tupu, pamoja na boksi lake kama hukulitupa, na useme bila kuficha uliipaka mara ngapi kwa siku na uliiacha lini.